Buti la Trofim kwenye Injini

3 Novemba. Nyuzi hasi 24.

Leo Duolan ameliingiza gari gerejini na kung'oa viti vyote. Gari letu ni la aina ambayo huku kila mtu huiita Mkate, kwa sababu ya umbo lake. Injini yake imekaa ndani, katikati ya viti viwili vya mbele, chini ya kifuniko, kama chungu katikati ya watu wanaokula. Nimemuuliza anafanya nini.

"Naliandalia baridi, Mama."

Baridi ina mwezi tangu iingie. Huyo ndiye mkwe wangu: hufunga mlango mbwa akishaondoka na nyama.

Naanza daftari jipya kwa sababu ya Maarpa. Mdogo wangu ana miaka sabini na mmoja na anaishi Ust-Nera, kilomita elfu moja kutoka hapa Yakutsk. Jicho lake la kushoto lilizimika mwaka juzi kwa presha ya jicho. Sasa la kulia linalifuata, tena mtoto wa jicho ameliziba. Hospitali imempa nafasi ya kupasuliwa tarehe 9 Desemba. Atakuja kwa ndege. Gari halihusiki.

6 Novemba. Hasi 27.

Duolan ameniuliza, chakula kikiwa mdomoni: "Mama, kutoka barabara kuu hadi Ebir-Haya ni kilomita ngapi?"

"Saba."

Akaandika kwenye kijidaftari chake chenye madoa ya oili. Hupenda kuuliza maswali yasiyo na kazi.

Ebir-Haya kilikuwa kijiji cha machimbo. Nilikuwa mkutubi wa shule pale kwa miaka ishirini na minne, mpaka Januari ile mabomba ya joto yalipopasuka, na waliokuwa juu yetu wakaona ni rahisi kutuhamisha sisi kuliko kuyatengeneza mabomba. Tulipewa siku kumi. Mimi nilibeba vitabu kumi na viwili. Mume wangu Trofim, aliyekuwa dereva wa lori, alibeba zana zake na mabuti ya sufu. Alifia hapa mjini, ghorofa ya nne, akilalamika kwamba hewa imekwisha kuvutwa na watu wengine.

15 Novemba.

Ukungu. Sikutoka.

22 Novemba. Hasi 38.

Duolan anabandika vioo vya pili juu ya madirisha ya gari, kioo juu ya kioo, na nafasi ya kidole katikati. Akimaliza kimoja hungoja gundi ishike, akikikodolea macho huku akipiga mluzi. Alipiga mluzi hivyo hivyo wiki tuliyomzika Sayaana, binti yangu, mke wake. Miaka sita sasa. Hakuniambia nihame, hilo nalikiri. Lakini pia sijamwona akilia.

9 Desemba. Hasi 47.

Ndege haikuruka kutoka Ust-Nera. Ukungu wa barafu.

10 Desemba.

Haikuruka.

11 Desemba.

Haikuruka. Maarpa alinipigia simu kutoka uwanja wa ndege, akasema amevaa koti lake la harusi. "Dada, wamenizoea hapa. Wameniuliza kama nafagia."

12 Desemba. Hasi 48.

Hospitali imetoa nafasi nyingine: tarehe 5 Februari, saa tatu asubuhi. Daktari, msichana mwenye sauti ya upole, aliniambia bila kuzungukazunguka: jicho lile likipita mwisho wa Februari bila kupasuliwa, atakachobakiwa nacho Maarpa ni kutofautisha mchana na usiku.

Nilikuwa bado nimeshika simu. Ndege ni bahati nasibu. Magari ya abiria hupita, lakini hayamsubiri kikongwe asiyeona anayepapasa njia ya choo katika baridi ya hasi hamsini. Duolan alikuwa akichonga samaki aliyeganda kwa kisu, vipande vyembamba kama karatasi. Hakugeuka.

"Basi tutamfuata," alisema.

Kama mtu anayetumwa chumvi.

28 Desemba. Hasi 50.

Sakafu yote ya gari sasa ina sufu nene, na milango pia. Mbele ya redieta ameweka boksi lenye kidirisha kinachofungwa na kufunguliwa kwa kamba. Oili amemwaga ile nzito na kutia nyepesi. Betri inalala ndani ya nyumba, karibu na kitanda changu, nami naiamkia.

7 Januari.

Krismasi yetu ya Kiorthodoksi. Tulikula nyama ya mwanafarasi. Maarpa anasema sasa anaona kwa kupitia tundu, kama mtu anayechungulia sindano.

18 Januari. Hasi 51.

Nimefanya kosa la mwanamke aliyekaa mjini miaka ishirini na sita. Nilitaka Maarpa aingie kwenye gari safi, basi nikaenda gerejini kulikopashwa joto, nikaosha milango na kingo zake kwa maji ya vuguvugu, nikakausha kwa kitambaa, nikajiona mtu. Duolan alipolitoa nje kwenda kujaza petroli, mipira ya milango ikashikana kama ndugu waliokosana na kupatana. Hakuna mlango uliofunguka. Ilibidi alirudishe gerejini, akae humo ndani karibu saa nzima akiyeyuka.

Nilingoja maneno. Alishuka, akachukua mafuta ya mgongo wa farasi ninayojipaka mikononi, akaipaka mipira yote taratibu.

"Umenikumbusha, Mama. Ningesahau hii."

Asingesahau. Nilimwona jana akiwa na kopo la mafuta yake mwenyewe mfukoni.

20 Januari.

Nimemwita Duolan mbele ya kabati na kumkabidhi buti la kushoto la Trofim. La kulia lililiwa na nondo.

"Injini ina bomba la mpira inalopumulia," nilimwambia. "Safari ndefu kwenye hasi hamsini na tano, mvuke wa injini huganda humo. Ikikosa pa kupumulia, hutapika oili yake yote barabarani. Trofim alilifunga kwa sufu kila msimu."

"Mama, hii si injini ya zama zile."

"Injini ya zama hizi haipumui?"

Akacheka, akalikata buti. Alilizungushia bomba shingo nzima ya buti na kuifunga kwa waya. Nilipoona sufu ile ya kijivu, na kiraka nilichoshona mwenyewe, juu ya chuma kilicho hai, ilibidi niende kutafuta kitu jikoni ambacho sikukihitaji.

28 Januari. Hasi 52.

Vimepakiwa: matairi mawili ya spea, shoka, kuni kavu, jiko la kubeba, oili lita sita, pampu ya pili ya petroli, mifuko ya kulalia, chupa za chai, siagi, chapati za maji sufuria nzima. Madumu ya petroli nimeyahesabu ni mawili zaidi ya yale tuliyopatana. Nimemwambia gari litakuwa zito. Amesema, "Litazoea."

30 Januari. Ust-Nera. Hasi 55.

Tumefika, kwa siku mbili. Tulivuka mto Lena juu ya barafu, tukalala Khandyga, na leo tumekuwa milimani tangu kupambazuka. Asubuhi matairi yalikuwa yameganda bapa upande wa chini, na kilomita za kwanza Mkate ulitembea kama farasi mwenye viatu vitatu.

Kila tuliposimama Duolan alifanya jambo lile lile. Alishika tairi moja moja kwa kiganja, akainua kifuniko cha injini, akagusa kila bomba, akafunika. Injini haizimwi; huku nje anayezima injini ameandika wosia. Mlimani, kwenye mti ambao wasafiri huufunga nywele za farasi kama sadaka, nilishuka na chapati yenye siagi nikailisha njia. Nimesoma vitabu vingi vinavyosema njia haili. Niliilisha, na nikaiomba impe Maarpa jicho moja.

Kwenye njia panda ya Ebir-Haya Duolan alipunguza mwendo, akanitazama. Kibao kipo, kimeota jalidi, hakisomeki.

"Twende," nilisema. Tulikuwa tumelifuata jicho la mtu, si kijiji kisicho na macho.

Maarpa alinishika uso kwa mikono miwili mlangoni. "Umekonda, au vidole navyo vimeanza kunidanganya?"

1 Februari.

Maarpa ana homa. Hatuondoki.

2 Februari.

Homa imeshuka jioni. Kesho alfajiri tutatoka. Siku mbili za njia, na asubuhi ya tarehe 5 ni hospitali. Hakuna hata saa ya kupoteza.

4 Februari. Khandyga, alfajiri. Ninaandika ya jana.

Nitayaandika kama yalivyokuwa, kwa sababu nusu yake ni aibu yangu.

Tulitoka Ust-Nera kipimo kikisoma hasi 57. Nilikuwa nimempanga Maarpa kati yetu, mito na mablanketi na kikapu cha chakula vyote juu ya kifuniko cha injini, mahali penye joto. Duolan akaja na glavu mkononi.

"Mama, nipishe niangalie mabomba kidogo."

"Uliangalia juzi. Tumemfunga huyu kama yai. Ukimfungua sasa, atarudi homani. Twende, baba, saa haitusubiri."

Alikitazama kifuniko. Kisha akavaa glavu, akapanda. Hakuna aliyemlazimisha kunitii, lakini alinitii.

Kilomita mia moja na themanini baadaye, kwenye bonde, kulikuwa na lori pembeni mwa njia. Boneti limeinuliwa, moto mdogo wa kuni kwenye theluji, na mtu amesimama amejikunyata. Duolan akaanza kupunguza mwendo. Na mimi, Ogdo, mjane wa dereva wa barabara hii, nilisema: "Ana moto. Ana kibanda cha kulalia humo ndani. Mwingine atamsaidia."

"Mwingine nani?" alisema Duolan. "Leo mwingine ni sisi."

"Jicho la Maarpa…"

"Dada," alisema Maarpa kutoka ndani ya blanketi, "niache mimi na jicho langu. Usinifanye sababu ya mtu kuganda."

Tukasimama. Huku hakuna anayempita aliyesimama. Hiyo si sheria iliyoandikwa, ndiyo maana bado inafanya kazi. Nilizaliwa ndani yake. Mjini nikaisahau kama mtu anavyosahau lugha, maneno ya heshima yakipotea kwanza.

Mtu yule aliitwa Vissarion, alibeba samaki. Kope zake zilikuwa nyeupe. Dizeli yake ilikuwa imeganda kwenye bomba kama mafuta ya nyama kwenye sufuria. Alikuwa amekaa pale saa tano. Kuni zake, nilizoziona kwa mbali na kuzifanya kisingizio, zilikuwa vipande vinne vya mwisho. Alikuwa amekwisha choma tairi moja la spea.

"Nilisikia gari," aliniambia nilipompa chai, "nikajisemea, hili likipita, Vissarion, anza na tairi la pili."

Nilimwongezea sukari.

Walifanya kazi wawili, wakiutambaza moto wa jiko chini ya bomba, shubiri kwa shubiri. Duolan alikuwa amelala chali chini ya lori juu ya ngozi ya mwanafarasi. Baada ya kama saa moja na nusu akanyamaza katikati ya mluzi wake. Alikuwa amegeuza kichwa upande wetu, na kutoka pale chini, mahali ambapo hakuna dereva anayeangalia akiwa safarini, aliona tone jeusi juu ya theluji chini ya Mkate. Kisha jingine.

Alikuja anatembea upesi, hakukimbia. "Mama, sasa itabidi tumfungue."

Tulimhamishia Maarpa kwenye kibanda cha lori, tukaondoa mito yangu na kikapu changu, akainua kifuniko. Waya ulikuwa umelegea na buti la Trofim limeteleza chini. Bomba la mpira lilikuwa gumu kama mfupa, limejaa barafu. Kijiti cha kupimia oili kilikuwa kimesukumwa nje ya tundu lake, kimesimama peke yake, na oili ilikuwa ikitoka hapo.

Vissarion alichungulia. "Sili ya mbele inayozuia oili imeshika bado. Mngekwenda kilomita ishirini nyingine ingefumuka, oili yote nje. Mbele yenu hakuna mtu kilomita tisini." Akanitazama mimi, maana nilikuwa nimeinamia injini kama daktari. "Nani alifunga hii sufu?"

"Mimi niliagiza. Mume wangu alifunga hivi."

"Alifunga na kukata, Bibi. Hakukata?"

"Kukata nini?"

Alitoa kisu, akalivuta jiko karibu, akapasha bomba mpaka likalegea, kisha kwenye sehemu iliyo karibu kabisa na injini, palipo na joto, akapasua mpasuo mdogo, urefu wa ukucha. "Mwisho ukiganda, inapumulia hapa. Sufu bila mpasuo ni skafu kwa aliyekabwa koo."

Na hapo nikakiona, kama mtu aliyewashiwa taa: Trofim jikoni Ebir-Haya, bomba mezani, kisu kidogo cha kumenyea viazi, nami nikimfokea kwa sababu ya kisu changu. Miaka yote nimekumbuka sufu, kwa sababu nilishona kiraka. Kisu nilikikasirikia, basi nikakisahau.

Duolan alijaza oili, lita mbili na nusu. Alifunga buti upya kwa waya mara mbili. Nilimwambia, "Nilikuharakisha."

"Nami niliharakika," alisema. "Tumegawana."

"Tungepita, tungekufa."

"Tungepita, Mama, tungepata hofu tu. Kufa ni neno kubwa." Kisha nikaona kidevu chake. Kilikuwa kinatetemeka, na haikuwa baridi. Akainama akaanza mluzi, nami baada ya miaka sita nikafahamu mluzi ule ni wa nini.

Lori liliwaka baada ya saa tatu na nusu. Vissarion alifuata nyuma yetu mpaka Khandyga, taa zake kwenye kioo chetu njia nzima. Alitupatia samaki mzima, mrefu kama mkono. Maarpa alimpapasa, akasema, "Huyu nitamwona kwa macho kabla hatujamla. Msimguse."

4 Februari, jioni. Yakutsk.

Tumefika. Duolan ameangalia mabomba mara saba njiani. Kila mara nilibeba mito mwenyewe.

5 Februari. Hasi 46.

Saa tatu kasoro dakika kumi tulikuwa mlangoni. Wamemchukua.

9 Februari.

Wameondoa bandeji. Maarpa alinitazama kwa muda.

"Hukukonda," alisema. "Umezeeka tu."

Kisha akamgeukia Duolan, ambaye kabla ya safari hii walikuwa hawajaonana, na siku zote zile alimjua kwa sauti tu. "Na wewe una sura ya mtu mpole. Kwa sauti nilidhani mnene."

Samaki tumemchonga leo.

2 Machi. Hasi 30.

Jua limerudi. Maarpa anasoma magazeti ya zamani niliyotandika kabatini, kwa sauti, pamoja na matangazo.

27 Machi. Hasi 17. Njiani, karibu na Ust-Nera.

Tunamrudisha Maarpa kwake. Theluji inang'aa mpaka inauma, naye anakataa miwani ya jua. Anasema amekwisha kaa gizani vya kutosha. Asubuhi nilisikia Duolan akisimama kabla ya kupanda, nikashuka kumpisha kabla hajaomba.

Mchana huu alipunguza mwendo tena kwenye njia panda. Safari hii sikusema kitu. Alisimamisha gari, injini ikinguruma. Jalidi imeondoka kwenye kibao, lakini rangi imechujuka na mimi kwa macho yangu mazima sikuona herufi. Maarpa alijongea dirishani, pua kwenye kile kioo cha pili.

"Ebir-Haya," alisoma. "Kilomita tisa."

"Saba," nilisema.

"Dada, nimepasuliwa jicho kwa ajili ya kazi hii. Tisa."

Nimesema saba kwa miaka ishirini na sita. Niliandika saba kwenye barua, kwenye fomu, kwenye maelezo ya chini ya kurasa nilizoandika kuhusu kijiji kile. Nilimgeukia Duolan kumwambia basi tuendelee, kwamba petroli ilipangwa kwa saba, kama ilipangwa kabisa. Hakubishana. Alitoa kijidaftari chake chenye madoa, akafungua ukurasa wa mwanzo, akaniwekea mapajani.

Ilikuwa tarehe 6 Novemba, kabla ya ukungu, kabla ya ndege zisizoruka, wakati Maarpa alikuwa bado anakuja kwa ndege na gari halikuhusika. Orodha yote ilikuwa pale: vioo, sufu, boksi la redieta, oili nyepesi. Juu yake, kwa mwandiko wake mbaya, palikuwa pameandikwa safari iliyokuwa sababu ya yote hayo:

*Kumpeleka Mama kwao. Anasema kilomita 7. Chukua petroli ya 30.*

Tumekata kulia. Ninaandika gari likirukaruka kwenye njia ya wawindaji, na Maarpa ananisomea namba za nguzo za umeme moja baada ya nyingine, asije mtu akakosea hesabu.